Maambukizi Yanayozaliwa Wodini

Maambukizi ya hospitalini ni yale ambayo mgonjwa hakuja nayo. Kwa kawaida huhesabiwa hivyo yakijitokeza saa 48 au zaidi baada ya kulazwa, na njia zake zinajulikana: kidonda cha upasuaji, mpira wa mkojo, sindano ya dripu, mapafu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 15 katika kila 100 wanaolazwa huyapata. Katika nchi tajiri ni 7.

Kongo imeonja uchungu wake kuliko nchi nyingi. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, wauguzi walipewa mabomba matano ya sindano kila asubuhi, yakawa yanasuuzwa tu kwa maji ya uvuguvugu kutoka mgonjwa hadi mgonjwa. Ukazuka mlipuko wa Ebola: kati ya watu 318 walioshikwa, 280 walikufa, na hajulikani hata mmoja aliyepona miongoni mwa walioambukizwa kwa sindano peke yake. Wafanyakazi 11 kati ya 17 walikufa pia, hospitali ikafungwa.

Vijidudu vya kila siku havina jina la kutisha kama Ebola, lakini husafiri vilevile, na chombo chao kikuu ni mikono. Lubumbashi, iwe Hospitali ya Jason Sendwe au kituo kidogo cha afya mtaani, kunawa kunategemea kwanza maji. Bomba la Regideso, shirika la maji, likikauka, kinachobaki ni bidoni, na bango la kuhimiza usafi ukutani halitoi maji. Ndiyo maana dawa ya alkoholi ya kupaka mikononi ina thamani: huchukua sekunde 20 hadi 30, wakati kunawa kwa sabuni kunahitaji 40 hadi 60, na duka la dawa la hospitali laweza kuichanganya lenyewe kwa etanoli, gliserini na hidrojeni peroksaidi. Ila mikono yenye damu au uchafu unaoonekana haina budi kuoshwa kwa maji na sabuni. Glavu nazo hazichukui nafasi ya kunawa; zikivaliwa kitanda hadi kitanda, hueneza kilekile zilichokusudiwa kuzuia.

Kuna mikono mingine isiyoandikwa kwenye zamu yoyote: ya ndugu wanaolala na mgonjwa. Wao ndio wanaomlisha, wanaomgeuza, wanaomwaga beseni, na mara nyingi humsaidia pia jirani asiye na mtu. Mpango wa usafi unaowasahau ni nusu ya mpango.

Javeli, yaani dawa ya klorini, hutumika sakafuni na vitandani, lakini uchafu huidhoofisha: damu hufutwa kwanza, ndipo dawa imwagwe. Vyombo vya upasuaji navyo husuguliwa kabla ya kuingizwa kwenye mashine ya mvuke yenye joto la nyuzi 121. Umeme ukikatika katikati, kazi huanzwa upya tangu mwanzo, hata kama daktari anasubiri.