Neno Akiba na Umeme wa Majokofu

Akiba, kwa maana yake iliyozoeleka, ni kitu kilichowekwa, nacho huhesabika. Akiba ya umeme sivyo ilivyo: ni umeme usiotumika, wala hakuna mita iwezayo kuupima. Shida hiyo humkabili mwenye supamaketi huko Marekani atakaye cheti cha LEED, kitolewacho kwa majengo yenye kuhifadhi mazingira. Majokofu ndiyo yalayo umeme mwingi dukani mwake. Yale ya wazi akiyatia milango ya kioo, hewa yenye joto na unyevu haiyaingii ovyo, na mashine za baridi hupungukiwa na kazi.

Lakini atathibitishaje? Yampasa kubuni kwa hesabu duka la pili, lenye ukubwa ule ule na hali ya hewa ile ile, ila majokofu yake ni ya kawaida. Tofauti ya matumizi ya maduka hayo mawili ndiyo akiba. Duka hilo la kubuni twaweza kuliita kilinganishio. Akichagua kilinganishio kibovu mno, akiba itavimba bure; kwa hiyo hutakiwa afuate vipimo vya kanuni, au aonyeshe kwa ushahidi kwamba kilinganishio chake ni desturi ya kweli ya biashara.

Basi akiba ya namna hii isitajwe pasipo kutaja kilinganishio chake.