Je, Wajua? Kobe Mtiifu na Kompyuta za Arusha

Je, wajua kwamba chini ya Mlima Meru kuna Kilimanjaro? Ni kompyuta! Inaitwa PARAM Kilimanjaro, zawadi ya India kwa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, na kazi yake ni mahesabu mazito ya wanasayansi. Na ukoo wake una kisa: Marekani iliwanyima Wahindi kompyuta ya kasi waliyotaka kununua, wakaunda yao. PARAM ya kwanza ilitoka mwaka 1991.

Sogea karibu, bado sijaanza!

Azimio la Arusha ni la Februari 5, 1967, hilo unalijua. Lakini wajua mwaka huohuo, huko Marekani, ilizaliwa Logo, lugha ya kompyuta iliyotungwa kwa ajili ya watoto? Wakati huo kompyuta moja ilikuwa na thamani ya kutisha, na watunzi wa Logo wanataka kumkabidhi mtoto! Na mmoja wao alikuwa mzaliwa wa Afrika: Seymour Papert, kutoka Pretoria, mpinzani wa ubaguzi wa rangi tangu ujana wake. Kabla hajafikisha miaka miwili alikuwa akitaja majina ya vipuri vya gari.

Papert aliwapa watoto kobe. Ndiyo, kobe! Kwanza roboti la kutambaa sakafuni, baadaye alama ndogo kwenye skrini, na mtoto ndiye anayeamuru. Hebu jaribu nawe, chukua kijiti uchore mchangani: nenda mbele hatua 100, geuka kulia nyuzi 90, rudia mara 4. Umepata nini? Mraba! Basi umeshaandika programu, na hujagusa kompyuta.

Je, wajua Papert alizaliwa lini? Februari 29, 1928, siku inayokuja mara moja kwa miaka minne. Sasa shika hii: Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyobuniwa Uingereza ili vijana warudie kuandika programu, ilianza kuuzwa Februari 29, 2012! Ukubwa wake ni kama kadi ya benki. Bei yake ilikuwa dola 35, na mwaka 2015 akatoka mdogo wake wa dola 5.

Inakula umeme kiasi gani? Wati 3 na nusu hivi, ukiacha skrini. Umeme wa balbu moja ya kizamani ya wati 60 unaendesha 17!

Ndiyo maana imefika Karatu, mkoani Arusha. Mwaka 2006 Janice Lathen, mtaalamu wa kompyuta kutoka New York, alitembelea Tanzania, akaondoka na wazo lililomkaa moyoni: kompyuta za sola kwa shule za vijijini. Sekondari ya Banjika ikawa miongoni mwa za mwanzo. Baadaye zikaja Raspberry Pi, na maktaba ya kidijitali inayofunguka bila intaneti. Jua lipo, vitabu vimo ndani, mwanafunzi anataka nini tena?

Wajua kompyuta ya kwanza nchini ilifika mwaka 1965, ikawekwa Wizara ya Fedha? Na wajua mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta? Leo mtoto wa Arusha anatembea nayo mfukoni, akiiita simu.

Wasichana, hii yenu. Programu ya kwanza duniani inahesabiwa kuwa ya mwanamke, Ada Lovelace, mwaka 1843, akiwa na miaka 27. Kompyuta ya kuiendesha haikuwepo!

Twende Tanga mara moja, kwenye shindano la programu za kumfundisha mtoto kusoma. Vijiji 170, watoto karibu 2,700, kila mmoja na kishikwambi chenye masomo ya Kiswahili, kwa miezi 15. Zaidi ya 90 kwa kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja walipoanza. Mwaka 2019 timu mbili zilizotengeneza programu bora ziligawana zawadi ya dola milioni 10.

Na wajua Scratch, lugha ya vipande vya rangi iliyotolewa mwaka 2007 na wanafunzi wa fikra za Papert, ina Kiswahili? Ni ya bure, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Yule kobe sasa ni paka wa rangi ya chungwa. Mfungulie mwanao jioni hii, umwambie amwamuru paka atembee mraba!