Kupungua kwa Kanieneo ya Mvuke: Hesabu na Istilahi

Makala haya yanadai kuwa neno 'kiasi', ingawa limezoeleka, huipotosha kanuni ya Raoult ya mwaka 1887. Kanuni hiyo yasema kwamba, katika mmumunyo hafifu, kimumunyishwa kisichogeuka mvuke hupunguza kanieneo ya mvuke ya kimumunyishi kwa sehemu iliyo sawa na sehemu-moli ya kimumunyishwa hicho. Tuchukue gramu 342 za sukari, yaani moli 1, katika gramu 1000 za maji, yaani moli 55.5. Sehemu-moli ya sukari ni 1 ÷ 56.5, au 0.0177. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, kanieneo ya mvuke ya maji safi ni milimita 23.8 za zebaki; tukizidisha, twapata upungufu wa milimita 0.42. Lakini gramu 58.5 tu za chumvi ya mezani huleta upungufu unaokaribia maradufu ya huo, kwa kuwa moli 1 ya chumvi hutengana majini ikawa moli 2 za ioni. (Si maradufu kamili, kwani ioni huvutana.) Kinachohesabiwa, basi, ni idadi ya chembe. Mwanafunzi aliyeambiwa 'kiasi cha kimumunyishwa' ataikimbilia mizani na kuishia hapo. Istilahi 'idadi ya moli' ingemlazimu agawanye kwanza.