Kabla ya Kuchimba Msingi: Ardhi ya Marangu na Uchunguzi Wake

Wanakijiji wakichanga fedha ili kujenga darasa, kwa kawaida hesabu huanza na saruji, mabati na nondo. Ni nadra kuona fungu lililotengwa kwa ajili ya kuitazama ardhi itakayolibeba jengo. Hata hivyo nyufa za mshazari zitokazo kwenye pembe za madirisha, ambazo fundi huziziba kwa lipu kila mwaka nazo zikarudi, mara nyingi chanzo chake kimo chini ya msingi. Jengo zima likititia kwa kipimo kimoja, madhara huwa madogo. Upande mmja ukititia zaidi ya mwingine, ndipo kuta hupasuka. Mnara wa Pisa nchini Italia, ulioanza kujengwa mwaka 1173, uliinama kwa sababu hiyo hiyo: ulisimamishwa juu ya udongo laini usiolingana chini yake.

Marangu iko kwenye mteremko wa kusini-mashariki wa Kilimanjaro, mlima uliojengwa na volkano tatu: Shira, Mawenzi na Kibo. Zaha na majivu ya volkano hizo yameoza kwa joto na mvua ya maelfu ya miaka, yakawa udongo mwekundu wenye kina kirefu. Uozaji huo haukwenda sawasawa. Ndani ya udongo laini hubaki majabali magumu, mengine makubwa kama chumba. Mchimbaji anapogonga jiwe katika kina cha mita mbili asifanye haraka kusema amefika kwenye mwamba. Wahandisi hutoboa mita kadhaa zaidi ndani ya jiwe hilo, na mahali pengine pia, kabla ya kuamini.

Iko hatari iliyo kinyume cha hiyo, nayo ni uwazi. Zamani Wachagga walichimba mapango marefu chini ya ardhi ili kujificha na mifugo yao wakati wa vita. Baadhi yake huonyeshwa kwa wageni huko Marangu hadi leo. Kwamba yalidumu ni ushahidi kuwa udongo huu husimama wima bila nguzo. Lakini darasa lililojengwa juu ya pango lililosahauliwa ni jambo lingine kabisa. Kwa hiyo uchunguzi mzuri huanza kwa wazee wa kihamba: palikuwa na nini hapa, mfongo wa maji ulipita wapi, shimo gani lilifukiwa? Maswali hayo hayana gharama.

Kisha huchimbwa mashimo ya majaribio, ambamo tabaka za udongo huonekana kwa macho. Swali la wanafunzi wengi ni: kina gani kinatosha? Uzito wa jengo hutawanyika kadiri unavyoshuka. Chini ya msingi wa mraba, mkazo hupungua hadi karibu sehemu moja ya kumi katika kina cha mara mbili ya upana wa msingi. Msingi wa upana wa mita 1.5 basi wataka uchunguzi wa mita 3 chini yake. Msingi mrefu wa ukuta husukuma mkazo ndani zaidi. Kwa majengo makubwa hutumika nyundo ya kilo 63.5 iangukayo sentimita 76 juu ya bomba lililoingizwa ardhini. Bomba likishazama sentimita 15 za kwanza, huhesabiwa mapigo ya kulizamisha sentimita 30 zinazofuata. Mapigo machache ni dalili ya udongo dhaifu.

Katika maabara udongo wa volkano huweza kumpotosha mpimaji. Udongo wa namna hii aghalabu huwa na madini yaitwayo haloisaiti na alofani, ambayo hushika maji mengi ndani yake. Sampuli ikikaushwa katika tanuri la nyuzi 105 za Selsiasi, madini hayo hubadilika na hayarejei hali yake ya awali hata yakilowanishwa. Matokeo yake huwa ni ya udongo mwingine, wala si ule uliomo kiwanjani. Sampuli ya Marangu haina budi kufungwa vizuri ili isipoteze unyevu.

Kisa maarufu cha Afrika Mashariki ni bwawa la Sasumua nchini Kenya, lililojengwa katika miaka ya 1950 kuipatia Nairobi maji. Kwa vipimo vya kawaida udongo wake ulionekana haufai. Karl Terzaghi, mwanzilishi wa elimu ya mekanika ya udongo, alieleza mwaka 1958 kwamba chembe za haloisaiti zilikuwa zimeshikamana kuwa punje ngumu zenye vinyweleo, na kwa hiyo udongo ulikuwa na nguvu kuliko ilivyotazamiwa.

Tatizo kubwa zaidi la mteremko, hata hivyo, hufanywa na sururu. Kiwanja hukatwa upande wa juu, na udongo uliokatwa humwagwa upande wa chini ili kupata usawa. Nusu ya darasa hukaa juu ya ardhi ya asili, nusu juu ya kifusi. Masika yakija, kifusi hulowa na kutitia. Shimo moja la majaribio upande wa chini lingekionyesha kifusi hicho: kina rangi mchanganyiko, mizizi na vipande vya majani ya migomba yasiyokwisha kuoza.

Wanafunzi waweza kuziona punje alizozieleza Terzaghi. Udongo mwekundu utiwe pamoja na maji katika chupa mbili na kutikiswa. Katika ya kwanza sehemu kubwa hutuama upesi, kana kwamba ni mchanga. Ya pili ikitiwa magadi kidogo, mara nyingi punje huachana na maji hubaki na wekundu kwa saa nyingi.