Mzazi, Mwanao Akitoka Kwenye Sataranji Utamuuliza Nini?

MZAZI mwenzangu wa Likoni, tuseme Ijumaa jioni mwanao amerudi na kikaratasi kutoka shuleni. Kikaratasi chasema amechaguliwa kwenda kisiwani kesho kucheza sataranji, na kwamba mzazi aandamane naye na alete ada ya kiingilio. Unakisoma kikaratasi, kisha unautazama mkoba wako. Feri haimtozi avukaye kwa miguu, lakini matatu hutoza, na mtoto hawezi kushinda na njaa kutwa nzima. Je, utampeleka, au utamwambia abaki nyumbani afue sare zake?

Swali hilo wanalijua pia wazazi wa Kisauni wavukao daraja la Nyali, na wale wa Changamwe wapitao Makupa. Wengi wetu tumekua tukiwatazama wazee barazani wakicheza bao na dama, wala hatukuona mtu akilipa nauli ili mtoto akacheze. Lakini mchezo huu, ambao vijana huuita chesi, si mgeni kwetu. Ulianza India yapata karne ya 6 ukiitwa chaturanga. Waajemi wakaupokea, Waarabu wakauita shatranj, nasi watu wa pwani tukasema sataranji. Jina lilitufikia zamani kwa njia zile zile za bahari na biashara.

Yanayokungoja ukumbini

Ukikubali kwenda, jua kwamba utakaa nje. Ndani ni watoto, waamuzi na saa mezani, na kila mchezaji ana muda wake unaohesabiwa. Ukimwisha, ameshindwa hata kama kete zake ni nyingi. Akigusa kete yake lazima aicheze. Simu haziruhusiwi mchezoni, wala mzazi hana ruhusa ya kumkonyezea mtoto.

Tena mashindano mengi ya chipukizi hayamtoi anayefungwa. Mshindi hupata alama 1, wakitoka sare kila mmoja hupata nusu, kisha mtoto hupangiwa mwenzake mwenye alama sawa na zake au zinazokaribiana. Kwa hiyo aliyefungwa asubuhi bado ana kazi hadi jioni. Baina ya mchezo mmoja na mwingine atatoka kwa dakika chache tu, na mtu wa kwanza atakayemwona mlangoni ni wewe. Hapo, msomaji, ndipo kazi ya mzazi ilipo.

Mama na jiko lake

Hebu tutazame huko India mchezo ulikoanzia. Mjini Chennai kuna familia iliyompeleka binti yao Vaishali kucheza sataranji ili apunguze kutazama televisheni. Mdogo wake, Praggnanandhaa, aliyezaliwa mwaka 2005, akamfuata. Leo wote wawili wana cheo cha juu kabisa cha mchezo huo, kile cha grandmasta. Baba yao ni mfanyakazi wa benki. Mama yao, Nagalakshmi, ndiye aliyesafiri nao, akibeba jiko dogo la umeme na vyombo ili watoto wasikose wali wa kwao ugenini. Mwaka 2023 kijana huyo alifika fainali ya Kombe la Dunia mjini Baku akafungwa na Magnus Carlsen wa Norway, na mama alikuwa naye huko. Uzito wa mzazi haukuwa katika kumfundisha mwana namna ya kusogeza farasi. Ulikuwa katika kuwapo, na sahani ya wali ikiwa tayari.

Wala usiseme hayo ni ya wenye uwezo. Jirani zetu Uganda, katika mtaa wa mabanda wa Katwe, Phiona Mutesi alianza kwa kuwa watoto waliokuja kujifunza kwa mwalimu Robert Katende walipewa kikombe cha uji. Mama yake alikuwa mchuuzi. Mwaka 2010 Phiona aliichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji nchini Urusi, na mwaka 2016 habari zake zikatolewa katika filamu, Lupita Nyong'o wetu akiigiza kama mama yake.

Tahadhari

Hata hivyo, usiuze cherehani kwa ndoto ya ubingwa. Gukesh wa India alipotwaa ubingwa wa dunia Desemba 2024 akiwa na miaka 18, watu walisimuliana jinsi baba yake, daktari wa masikio na koo, alivyoacha kazi ili asafiri naye, huku mama akibeba gharama za nyumba. Ni kweli, lakini kwa kila Gukesh mmoja wapo maelfu waliocheza wakaishia kuwa watu wa kawaida. Hao nao hawakupoteza kitu, maadamu walijifunza kuketi, kufikiri kabla ya kugusa, na kumpa mkono aliyewashinda.

Basi turudi mlangoni. Mwanao anatoka, macho yamemjaa machozi, malkia wake ameliwa mapema. Ukimuuliza kwa ukali, “Umeshindwa tena?” ataingia mchezo unaofuata akikuogopa wewe kuliko anavyomwogopa mpinzani. Mpe maji. Muulize kama amekula. Akitulia, mwambie akuonyeshe ni wapi alipokosea, hata kama wewe hujui farasi aendavyo. Katika kukueleza atajifunza mwenyewe.

Na jioni, mkiwa ferini mnarudi Likoni, huenda mkoba ukawa mtupu na mkononi hakuna kikombe. Usihesabu nauli mbele yake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kikaratasi kingine kitakuja. Litakalomfanya akulete hicho, badala ya kukificha kwenye daftari, ni lile neno ulilomwambia mlangoni.