Mtoto Akililia Wembe: Saini ya Mtoto Kabla ya Kuruka Angani (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliitazama karatasi ambayo mtu mzima huitia saini kabla ya kufungwa parachuti, kupanda ndege na kujitupa angani. Tuliona kwamba ni mkataba kamili. Ndani yake mrukaji husema: nikiumia, hata kwa uzembe wenu, sitawadai. Tuliona pia kwamba mahakama nyingi za Marekani, ambako mchezo huu umekita mizizi, huuheshimu mkataba huo ukiwa umetiwa saini kwa hiari na umeandikwa kwa maneno yasiyoficha kitu.

Leo tuingie kwenye fundo lenyewe. Aliyetia saini akiwa na miaka 16 au 17, karatasi hiyo inamfunga?

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Walitaka ujinga wake umfunze wenyewe. Katika jambo hili sheria haikubaliani nao. Inamtazama aliyeushika wembe na kumwambia kwamba akimpa mtoto, kilio cha mtoto hakitakuwa utetezi wake.

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Hakuna sheria inayoushika mkono wa mtoto asiandike jina lake. Kutia saini anaweza. Shaka iko kwenye nguvu ya saini hiyo. Katika majimbo ya Marekani, kwa kawaida mkataba wa aliye chini ya umri wa utu uzima, ambao karibu kote ni miaka 18, ni mkataba unaobatilika. Mtoto anaweza kuukana, lakini mtu mzima aliyeingia naye hana ruhusa hiyo. Ni kamba iliyofungwa upande mmoja tu. Kijana akianguka vibaya, akavunjika mguu kwa sababu mwalimu alikuwa mzembe, anaweza kusema mahakamani kwamba mkataba ule ameukataa, kisha akadai fidia kana kwamba karatasi haikuwahi kuandikwa.

Lakini anayeweza kukataa anaweza pia kuridhia, na hapo ndipo kijana mmoja wa Colorado alipokwama. Kesi yake, Jones dhidi ya Dressel, iliamuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo hilo mwaka 1981. Mnamo Novemba 1973, akiwa na miaka 17, alitia saini mkataba na kampuni ya kuruka kwa parachuti. Mkataba ulimpa nafasi ya kulipa zaidi ili abaki na haki yake ya kudai kampuni ikifanya uzembe. Yeye alichagua ule wa bei ya chini, wenye kifungu cha kusamehe madai. Mwezi uliofuata alitimiza miaka 18. Oktoba 1974 akarudi kuruka. Hakuwahi kufika angani alikokusudia kujitupa: ndege ilianguka muda mfupi baada ya kupaa, naye akaumia vibaya.

Alipodai fidia alisema alitia saini akiwa mtoto. Mahakama ilikubali kwamba alikuwa mtoto siku ile ya Novemba, ila ikatazama alichokifanya baadaye. Alipotimiza miaka 18 hakuukana mkataba. Badala yake alirudi, akapanda ndege ya kampuni na kuitumia huduma ileile chini ya masharti yaleyale. Kwa kitendo hicho, mahakama ilisema, aliuridhia akiwa mtu mzima. Karatasi nayo ilitaja waziwazi madhara yatakayompata mtu akiwa ndani ya ndege. Ndiyo kusema kalamu yake ya miaka 17 haikuweza kumfunga, lakini miguu yake ya miaka 18 ilimfunga ilipokanyaga ngazi za ndege.

Je, kesi hiyo ingeletwa Dar es Salaam, ingekuwaje? Hapa tunalazimika kupita Kolkata. Mwaka 1895 kijana mmoja wa huko aliweka rehani nyumba zake kwa mkopeshaji fedha, na wakili wa mkopeshaji alijua fika kwamba kijana hajafikia utu uzima. Shauri hilo, Mohori Bibee dhidi ya Dharmodas Ghose, lilipanda hadi Privy Council ya London, mahakama ya mwisho kwa makoloni ya Waingereza. Mwaka 1903 majaji waliisoma Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 na kuamua kwamba mkataba wa mtoto haubatiliki tu, bali ni batili tangu siku ya kwanza. Sheria hiyo ya India ndiyo iliyoletwa Tanganyika, na ndiyo iliyozaa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345. Kifungu chake cha 11 bado kinasema kwamba mwenye sifa ya kuingia mkataba ni aliyefikia umri wa utu uzima.

Tofauti ya "batilika" na "batili" inaonekana kama ya herufi chache, lakini ina uzito. Kilicho hai na kigonjwa kinaweza kutibiwa kwa kuridhiwa. Kilichozaliwa kimekufa hakifufuki. Kwa mantiki ya uamuzi wa 1903, kijana wa Colorado angerudi uwanjani mara mia baada ya kutimiza miaka 18, na karatasi ya utotoni ingebaki kuwa karatasi. Kampuni ingepaswa kumtaka atie saini upya.

Sasa msomaji mzazi ataniuliza: basi nikitia saini mimi kwa niaba ya mwanangu? Swali hili ni gumu kuliko la kwanza, na mahakama za Marekani zimegawanyika juu yake. Ili tusipotee, tutenganishe vitu viwili ambavyo fomu nyingi huvichanganya kwenye ukurasa mmoja: ruhusa na msamaha. Ruhusa ni ya mzazi. Yeye ndiye anayeamua mwanawe aende asiende. Msamaha ni kitu kingine. Haki ya kudai fidia kwa mguu uliovunjika ni ya mwenye mguu.

Mali ya yatima hutupa mfano mzuri. Mlezi huitunza, huisimamia na huamua mambo mengi juu yake, lakini hawezi kuigawa akasema ameridhia kwa niaba ya yatima. Mahakama kadhaa zimefuata njia inayofanana na hiyo. Katika majimbo mengi mzazi hawezi kumaliza dai la mtoto aliyekwisha kuumia bila idhini ya mahakama. Iweje basi aweze kulifuta dai hilo kabla mtoto hajaumia, wakati hajui hata ukubwa wa jeraha?

Turudi Colorado. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kesi ya Cooper dhidi ya Aspen Skiing. Kijana wa miaka 17, mshindani wa mbio za kuteleza kwenye theluji, aligonga mti akapofuka. Mama yake alikuwa ametia saini fomu ya msamaha pamoja naye. Mahakama ilisema mzazi hana mamlaka ya kuisamehe haki ya mtoto namna hiyo. Wenye biashara za michezo walishtuka, na mwaka uliofuata tu bunge la jimbo likatunga sheria ya kuupindua uamuzi huo: mzazi wa Colorado sasa anaweza kusamehe madai ya mtoto yanayotokana na uzembe wa kawaida. Florida ilipita njia hiyohiyo. Mwaka 2008 mahakama yake ya juu iliukataa msamaha wa mzazi katika biashara za burudani, na mwaka 2010 bunge likaurudisha kwa kiasi. Mzazi huko husamehe hatari zilizomo ndani ya mchezo wenyewe, na fomu lazima imwonye kwa maneno yaliyowekwa na sheria.

Hata pale msamaha unapokubaliwa, una ukingo. Sheria ya Colorado haimkingi aliyefanya uzembe uliokithiri au wa makusudi. California nako, mwaka 2007, mahakama ya juu ilikataa fomu iliyotiwa saini na mama imlinde mwendeshaji wa kambi dhidi ya dai la uzembe uliokithiri, baada ya binti wa miaka 14 mwenye ulemavu kufa maji.

Wenye mchezo wa kuruka hawakukaa wakisubiri majaji wapatane. Watengenezaji wa parachuti za watu wawili, zile ambazo mgeni hufungwa kifuani mwa mwalimu, walikuwa wakitaka abiria awe mtu mzima. Chama cha Parachuti cha Marekani, kilichokuwa kikiruhusu vijana wa miaka 16 kwa idhini ya mzazi, kilipandisha umri hadi 18 mwaka 2014. Hesabu yao ni rahisi. Karatasi ambayo mtoto anaweza kuichana haifai kujengea biashara, tena katika majimbo mengi muda wa kufungua dai humsubiri mtoto hadi awe mtu mzima.

Uingereza imefika mahali pengine kwa njia nyingine. Huko kijana wa miaka 16 anaweza kuruka kwa idhini ya mzazi. Tangu sheria ya mwaka 1977, mfanyabiashara hawezi kwa mkataba kujivua dhima ya kifo au jeraha lililoletwa na uzembe wake, awe ameumia mtoto au mtu mzima. Fomu inabaki kuwa ya ruhusa na ya kumweleza mtu hatari, kwa kuwa msamaha wa aina hiyo sheria imekwisha kuuondoa mezani.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, anayetembea ufukweni Diani, Kenya, huwaona warukaji wakishuka kama maua yaliyopeperushwa, na vijana wa Ukunda wakiwatazama kwa hamu. Wachache watapanda ndege ile. Lakini karibu kila mzazi atapelekewa fomu na shule: safari ya mbugani, bwawa la kuogelea, kupanda mlima. Ikifika mezani kwako, isome kwa macho mawili. Sentensi inayosema "namruhusu mwanangu aende" ni yako, itie saini ukitaka. Ile inayosema "sitadai lolote litakalompata" inakuomba utoe kitu cha mtoto, na aliyeiandika huenda anajua hivyo kuliko wewe.

Wiki ijayo tutazichambua fomu hizo za shule, mstari kwa mstari.