Kuhesabu Maneno ya Kiswahili kwa Kompyuta

Programu fupi ya kompyuta huhesabu maneno ya matini kwa hatua tatu: hukata matini penye nafasi, huondoa alama za uakifishaji, kisha huorodhesha kila umbo mara moja. Tuchukue mfano huu: "Mtoto anasoma; watoto wanasoma; mtoto atasoma." Maneno yote ni 6. Programu isiyotofautisha herufi kubwa na ndogo itatoa maumbo 5, ilhali mwanaleksikografia ataona leksimu 2 tu: mtoto na soma. Aidha, programu inayochukulia ritifaa kuwa mpaka wa neno huipasua ng'ombe ikawa ng na ombe.

Tofauti hiyo si ndogo. Anayepima utajiri wa msamiati wa mwandishi kwa maumbo hayo huwa anahesabu viambishi pamoja na msamiati, na akilinganisha Kiswahili na lugha yenye viambishi vichache atapotoka. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliunda mfumo wa SALAMA, unaochanganua neno hadi kwenye mofimu zake. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu, mtafiti hana budi kubainisha kile anachokiita neno.